Ujumbe Uliolala Kwenye Sanduku la Betri

Usiku ule sikuwa nimekusudia kulala. Nilijinyoosha kitandani na sweta langu mwilini, baridi ya Rungwe ikipenya chini ya mlango, nikajiambia nitafumba macho kidogo tu. Miezi minne ilikuwa imepita tangu tumzike Mwalimu Lwitiko, na kwa miezi yote hiyo nililala usingizi wa mang'amung'amu, wa mtu mwenye kitu cha kuficha. Kitu chenyewe kilikuwa daftari. Lilikuwa ndani ya sanduku la betri, chini ya meza ya redio, hatua tatu kutoka kitandani kwangu.

Nieleze kwanza, nisije nikaonekana napiga porojo. Mwalimu Lwitiko alinifundisha fizikia sekondari, na alipostaafu akanifundisha redio: zile za kuzungumza na watu wa mbali bila simu wala mnara, kwa leseni, kwa kupenda tu. Wenye ugonjwa huo tarafa nzima tulikuwa wawili, yeye na mimi. Mkewe, Mama Subilaga, alikuwa akitucheka. Alisema mumewe alioa waya kwanza, yeye akaja kuwa mke wa pili.

Mwalimu alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko amri za kanisani. Ujumbe wa mtu haulali. Ukiupokea unauandika neno kwa neno, unaandika saa uliyoupokea, unaupeleka kwa mwenyewe hata kama mvua inanyesha mawe, kisha unaandika saa uliyoufikisha. Nafasi ya saa ya pili ikibaki wazi, alikuwa hakuangalii usoni mpaka uijaze.

Na alikuwa na ugomvi mmoja na mimi, usiokwisha. Redio zetu zina vitufe viwili vya kuzungusha. Kimoja ni cha sauti, kama cha redio yoyote. Cha pili mafundi wanakiita geini: ndicho kinachoamua redio itege sikio kiasi gani. Mimi, mtu akisikika kwa mbali, nilikuwa nazungusha geini mpaka mwisho. Mwalimu alikuwa akinipiga kikofi kidogo mkononi. "Ukifungua yote, unaingiza radi, unaingiza mashine ya kusaga ya jirani, unaingiza dunia nzima. Mnyonge atapita wapi? Punguza, Atu. Punguza mpaka kelele ikae chini, halafu pandisha sauti." Nilikuwa naitikia "ndiyo, Mwalimu," na wiki ijayo nafanya vilevile. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ile ya mwisho wake alipanda msituni peke yake kujaribu kiredio alichokiunda kwa mikono yake, chenye nguvu isiyoweza kuwasha hata taa ya maana. Tulikubaliana aniite kila saa kuanzia saa nne asubuhi. Mvua ikaja na radi. Saa nne ilipofika sikumsikia, nikamwita, nikafungua geini mpaka mwisho. Kelele ikanipasua masikio, nikapunguza sauti. Ndivyo nilivyofanya siku nzima: nilifungua mlango wote, halafu nikajiziba masikio. Saa tisa nikatangaza hewani kwamba nafunga, tutaonana kesho. Jioni Mama Subilaga alipokuja kuuliza, nikamwambia Mwalimu atakuwa amejikinga mvua kwa walinzi wa msitu.

Waliomtafuta walimkuta siku ya tatu, amekufa, chini ya korongo, paja limevunjika. Mimi ndiye niliyekusanya vitu vyake. Ndani ya mfuko wa koti kulikuwa na daftari, nikasoma ukurasa wa kwanza nimesimama palepale kwenye matope.

Saa 4. Nimeita. Atu naye anaita. Namsikia vizuri. Yeye hanisikii.

Saa 5. Nimeita. Hanisikii.

Iliendelea hivyo mpaka chini ya ukurasa, mwandiko ukizidi kulegea. Saa 9. Atu anaaga. Anasema tutaonana kesho.

Nilifunga daftari, nikalitia kwenye mfuko wangu. Sikufungua ukurasa wa pili. Niliona aibu, na hofu, na sikutaka mtu mwingine duniani aone mstari ule.

Baadaye kikaja kikao cha ukoo. Kaka yake Mwalimu, Mzee Ambakisye, alitaka maiti ipelekwe kwao, ng'ambo ya mlima. Mama Subilaga, mwenye magoti mabovu, aliomba mumewe azikwe uani hapo nyumbani, kwenye nyumba waliyoijenga wote wawili. Mzee Ambakisye akauliza mbele ya watu wote kama marehemu aliacha neno. Macho yote yakanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekusanya vitu. Daftari lilikuwa kwenye pochi, juu ya mapaja yangu. Nikasema, "Hakuna."

Wakampeleka ng'ambo ya mlima. Mama Subilaga hajawahi kufika tena kaburini, magoti hayamruhusu. Na kila tulipokutana, kisimani au kanisani, alikuwa ananishika mkono na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Atu mwanangu, kweli hakusema neno?" Nami nilikuwa najibu, "Kweli, Mama."

Basi, huo ndio usingizi niliolala usiku ule.

Nilijikuta chumbani kwa Mwalimu, kwenye meza yake. Ilikuwa mchana, mchana mweupe usio na jua. Redio inawaka. Hedifoni iko masikioni mwangu na ndani yake kelele inavuma, ileile, haipandi wala haishuki. Dirishani palipopaswa kuwa na migomba ninaona ukuta wa korongo, matope mekundu, majani ya mwituni yanadondosha maji ndani ya chumba. Sishangai. Ninafuta maji kwenye meza kwa kiganja, kama mtu anayefuta chai iliyomwagika.

Mlango haukufunguka, lakini Mwalimu yumo. Amekaa kwenye kiti chake cha kamba, koti limelowa, mguu mmoja una buti na mwingine hauna. Nataka kumsalimu, nashindwa, maana najua amekufa na sijui salamu ya mtu aliyekufa. Yeye hana haraka. Anaangalia mkono wangu.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

"Kelele, Mwalimu. Kelele tu."

"Fungua zaidi, basi."

Sikutegemea aseme hivyo. Nikazungusha geini kulia, nayo ikaendelea kuzunguka, haina mwisho, nazungusha na kuzungusha, na kelele inatoka kwenye hedifoni inaingia chumbani, inatoka chumbani inaingia uani. Nilipoinua macho sikuwa tena mezani. Nilikuwa kwenye kikao cha ukoo. Wanaume wamekaa kwenye mabenchi, kimya, maji ya korongo yanapita katikati ya miguu yao. Mama Subilaga amekaa chini kwenye mkeka, amenyoosha miguu, mikono juu ya magoti. Mzee Ambakisye anasimama na kuuliza kama kuna neno.

Nafungua kinywa kusema lipo. Inatoka kelele. Mvumo uleule wa redio, mkavu, unanitoka kooni na siwezi kuufunga. Wanaume wanatikisa vichwa taratibu, wameridhika. Mama Subilaga peke yake ndiye anayenitazama. Anasogeza sikio, anaweka kiganja nyuma yake, anajitahidi kunisikia. Kadiri anavyojitahidi ndivyo ninavyovuma. Niliona uchungu ambao sijauona hata siku ya mazishi, nikatamani ardhi inimeze.

Ardhi ikafunguka, lakini haikunimeza. Tuko kaburini, ng'ambo ya mlima, mimi na Mwalimu, na nyasi zimeota kwa sababu hakuna anayefika kuzing'oa. Meza ya redio imesimama juu ya udongo. Waya wa antena unashuka kutoka kwenye redio na kuingia kaburini. Mwalimu amesimama kwa mguu wake wenye buti, ameshikilia meza asianguke.

"Mimi hapa ni mgeni," akasema.

Nikaanza kulia. Nikamwambia yale niliyokuwa sijamwambia mtu yeyote. Nikamwambia siku ile sikuwa namtafuta kwa akili, nilikuwa natafuta kujiridhisha kwamba nimetafuta. Geini ikiwa wazi mpaka mwisho, nani angesema Atu hakujitahidi? Nikamwambia naogopa kupunguza, kwa sababu kelele ikikaa chini nitamsikia, na nikimsikia nitajua kwamba alikuwepo siku nzima.

Hakunifariji. Mwalimu hakuwa mtu wa kufariji hata alipokuwa hai. Alichukua mkono wangu, mkono wake una baridi ya mawe ya mtoni, akauweka kwenye kitufe, akasubiri nizungushe mwenyewe.

Nikapunguza kidogo. Mvumo ukashuka, nyasi zikatulia.

"Bado," akasema.

Nikapunguza tena. Radi ikazama, mashine ya kusaga ikazama, na ile sauti yangu mwenyewe iliyokuwa ikipiga kelele ndani humo, "Mwalimu nakuita, Mwalimu sikupati," nayo ikazama. Nikafika mahali ambapo mtu anadhani redio imezimika. Hapo ndipo siku zote nilipokuwa nafungua tena. Mkono ukataka kurudi kulia. Mwalimu hakuushika. Aliniacha nichague.

Nikapandisha sauti.

Alikuwepo. Sauti nyembamba, ya mbali, lakini safi, kila neno na herufi zake. Alikuwa anataja saa. Saa nne nimeita. Saa tano nimeita. Nikasikiliza mpaka saa tisa, nikajisikia nikiaga, nikasikia pumzi yake baada ya mimi kuaga. Nilidhani imeisha. Nikainua mkono kuvua hedifoni.

"Huwa unafunga mapema," Mwalimu akasema, na hakusema kwa hasira.

Ndani ya hedifoni sauti ikaendelea. Ikataja jina: Subilaga. Ikanyamaza, ikalitaja tena, polepole, kwa namna alivyonifundisha kutaja jina la mwenye ujumbe ili mwandikaji asikosee. Nilitafuta kalamu. Meza haina kalamu. Nilipapasa udongo, nikapapasa mifuko, nikamgeukia Mwalimu nimwombe ya kwake, na pale aliposimama palikuwa patupu, na kaburi lilikuwa limetulia, na sauti ilikuwa inasema, "Ujumbe huu una mwenyewe. Kwa nini umelala?"

Nikaamka.

Kulikuwa bado giza. Mashavu yangu yalikuwa yamelowa na viganja vinauma kwa kukunja ngumi. Nikawasha taa. Kitu cha kwanza nilichokiona ni redio yangu juu ya meza, imefunikwa kitambaa, haijawashwa tangu siku ile. Nikafunua. Geini ilikuwa bado imezungushwa kulia mpaka mwisho, vilevile nilivyoiacha. Nikairudisha kushoto, polepole, ijapokuwa redio ilikuwa imezimwa na haikusaidia kitu. Kisha nikapiga magoti, nikafungua sanduku la betri.

Ukurasa wa pili ulikuwa umeshikana na wa kwanza kwa unyevu. Niliutenganisha kwa ncha ya kisu. Mwandiko ulikuwa unapanda na kushuka, wa mtu anayeandika amelala chali, lakini alikuwa ameupanga kwa taratibu zote, kama alivyonifundisha.

UJUMBE. Kwa: Subilaga, mke wangu.

Subi, nimeanguka, paja limevunjika, siwezi kupanda. Nisipofika, nizikwe hapo uani, karibu na mlingoti wa antena, unione ukifagia. Usikubali nipelekwe mbali na magoti yako hayo. Kaka atabisha. Mwonyeshe karatasi hii. Atu amefungua geini mpaka mwisho, namjua. Mwambie apunguze, nipo.

Chini yake alikuwa ameandika: Umepokelewa saa. Halafu: Umefikishwa saa. Nafasi zote mbili aliziacha wazi, zijazwe na atakayeupata.

Nililia kwa sauti, peke yangu, mpaka jogoo wa jirani akawika. Kisha nikachukua kalamu. Kwenye nafasi ya kwanza nikaandika saa kumi na moja alfajiri na tarehe ya siku hiyo, si ya siku ile ya matope, kwa sababu siku ile nililichukua daftari lakini ujumbe sikuupokea. Nikavaa viatu.

Mama Subilaga huamka mapema. Nilimkuta uani na ufagio wa chelewa, ameinama, anafagia kuuzunguka mlingoti ambao hakuna mtu aliyezikwa chini yake. Aliponiona akajinyoosha, mkono kiunoni, akanisalimu kwa salamu yetu ya asubuhi, ile ya kumuuliza mtu kama amelala.

"Ugonile, mwanangu?"

Nilimnyooshea daftari kwa mikono miwili, limefunguliwa ukurasa wa pili, na kalamu juu yake.

"Mama," nikasema, "alisema neno."