Baba mkwe alivyonipandia pilipili huku akiongea na mbuzi (vuli moja Murangi, enzi za Mwingereza)

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, kama mmo humu. Nyie wadogo, marahaba, nimeitikia kabla hamjaniamkia.

Mimi ni bibi wa miaka zaidi ya themanini. Akaunti alinifungulia mjukuu wangu, lakini kutaipu nataipu mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkikuta herufi imeruka mnivumilie.

Haya ninayoandika yamenipata mimi. Nikitia chumvi, wifi yangu Nyanjura yuko hai na anasomewa nyuzi za humu. Atanisuta mbele yenu.

Juzi nilisoma uzi wa kijana mmoja wa Bunda. Alilima pilipili, vuli ikamchezea, zimekauka zote. Watu kwenye komenti wakamcheka badala ya kumpa pole. Mimi sikucheka. Mimi nililia kilio hichohicho kabla babu yake hajaoa.

Twendeni taratibu.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho kabla ya Uhuru. Nilikuwa nimeolewa karibuni, pale Murangi, kando ya ziwa. Mume wangu Mafuru alikuwa kibarua kwenye machimbo ya dhahabu Buhemba, nyumbani anakuja akipewa ruhusa, na ruhusa yenyewe ya kuhesabu. Tulibaki mimi, Nyanjura, na baba mkwe, Mzee Masatu. Mama mkwe alishatangulia mbele ya haki.

Baba mkwe alikuwa mfupi, mkali, ana sauti ya kuita mtu wa ng'ambo ya mlima. Pamba ndiyo ilikuwa maisha yake. Bwana Shamba wa serikali akipita kukagua mistari, shamba la Masatu ndiko aliwapelekaga wengine wakajifunze. Alikuwa na kamba yake ya katani ya kunyooshea mistari. Ile kamba hata Nyanjura, mtoto wake wa kumzaa, hakuruhusiwa kuigusa.

Sasa hapa vijana msikilize vizuri, maana bila hili hamtanielewa.

Kwa mila yetu ya wakati ule, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Hamsalimiani kwa mkono. Ukimwona njiani unaingia porini mpaka apite. Uwanja wako wa jikoni yeye hakanyagi. Na hamsemezani.

Lakini watu mnaishi mji mmoja, mtaachaje kusemezana? Ndiyo hapo mbuzi alipoingia.

Tulikuwa na mbuzi jike mweusi, amefungwa kwenye ua wa minyaa kati ya nyumba yangu na yake. Baba mkwe akiwa na neno na mimi na Nyanjura hayupo, anasimama upande wake wa ua, anamwambia yule mbuzi kwa sauti. Mimi nasikia nikiwa ndani. Nami nikiwa na jibu namwambia kuku, au chungu, chochote kilicho karibu. Cheka tu, hata mimi nacheka ninavyoandika. Lakini ilikuwa heshima kubwa, na mbuzi yule alijua siri nyingi za familia.

Pilipili nilizijulia Musoma mjini. Nilikuwa napeleka furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, kumuuzia Mama Zuhura, mama mmoja wa Kiislamu aliyekuwa akipika chakula karibu na soko. Siku ya kwanza akanikaribisha ugali na mchuzi wake. Wakuu, nilidhani nimelishwa sumu! Machozi, makamasi, nikakimbilia mtungi wa maji. Mama Zuhura alicheka mpaka akashika nguzo.

Kwetu pilipili hatukuwa tunakula. Lakini niliona watu wa mjini wanazitafuta, na zilitoka mbali. Nikamwuliza kama nikizilima atazichukua. Akasema, "Mwanangu, leta hata gunia." Akanifungia mbegu kwenye kitambaa.

Shamba sikuwa nalo. Mke mpya analima la mume, na la mume ni la baba yake. Nikamtuma Nyanjura aniombee kipande kidogo chini ya kichuguu, ambako pamba ilikuwa haijafika. Sikutaka utajiri. Nilitaka tu mahali ambapo mtu akiuliza ni pa nani, jibu liwe mimi.

Nyanjura akarudi na jibu: "Baba anasema, moto unapandwaga wapi? Lakini lima."

Nikalima. Na sasa nawaambia kosa langu, kosa la mtoto wa watu wa ulezi. Mvua ya kwanza ya vuli ilipodondoka, nikachukua nusu ya mbegu nikazimwaga shambani kwa kurusha mkono, vile tulivyokuwa tunamwaga ulezi.

Mvua ikanyesha siku nne. Vikachipua, vidogo kama macho ya dagaa. Halafu jua. Wiki ya kwanza jua, ya pili jua, ya tatu sikwenda tena kuangalia.

Nyanjura akaja kichwa chini. "Wifi, baba amesema vuli ijayo ndiyo ya mwisho. Ikipita patupu, pale anaweka pamba."

Niliumia sana, siwafichi. Kilichoniuma ni kwamba sikuwa na la kujitetea. Alikuwa amenipa, na mimi nimeonyesha mavumbi.

Nikarudi kwa Mama Zuhura nikamweleza. Akajipiga paja. "Pilipili siyo ulezi, mwanangu! Hii unailea kwanza nyumbani, kwenye chungu kibovu, kivulini. Mvua ikija ikukute una miche mkononi. Vuli ya huku ni fupi, ukiisubiri ndiyo uanze na mbegu, itaisha wewe unaota."

Haya, kiangazi kilichofuata nikakusanya vyungu vilivyopasuka, vyangu na vya majirani. Nikatia udongo wa kichuguu na samadi ya mbuzi wetu, nikasia ile nusu ya mbegu iliyobaki. Nikavipanga ukutani jikoni kwangu.

Zikaota zote. Nilikuwa nazihesabu kila asubuhi kama vifaranga.

Mvua sasa ndiyo ikagoma. Mwezi ukapita, mwingine ukaingia. Nilichota maji ziwani asubuhi na jioni, mtungi wa kunywa na mtungi wa miche. Majirani wakasema mke wa Mafuru analea watoto wa vyunguni. Miche ikarefuka, mizizi ikaanza kuchungulia kwenye nyufa za vyungu. Nilijua haitavumilia muda mrefu tena. Mbegu nyingine sikuwa nayo.

Ndipo nikaanguka homa. Malaria ile ya kutetemesha kitanda. Nyanjura alinikalia siku mbili, ya tatu nikamwambia aende Musoma na furu wetu wasije wakaingia wadudu. Akaondoka alfajiri.

Mchana, wingu likasimama juu ya ziwa. Likaja. Wakuu, ilinyesha mvua ambayo hata ukuta uliisikia.

Nikajaribu kuinuka. Nikafika mlangoni kwa magoti, nikaanguka. Nikakaa palepale naangalia vyungu vyangu vinalowana, na mvua yangu niliyoingoja miezi miwili inapita. Nikalia kwa sauti. Nililia kama mtoto.

Halafu nikasikia nje ya ua:

"Wewe mbuzi! Hii mvua haikaagi. Leo ipo, kesho haipo. Mwambie mwenye vyungu."

Nikafuta uso. Kuku alikuwa amejibanza ndani na mimi, nikamwambia, "Kuku, sema mwenye vyungu hawezi kusimama."

Mvua tu.

"Mbuzi, uliza. Huyo mwenye vyungu anaweza kufunga mlango?"

Nilichelewa kuelewa. Nilipoelewa, mwili ulinisisimka kuliko homa yenyewe. Alikuwa anaomba njia. Mzee Masatu, ambaye hakuwahi kukanyaga uwanja wangu tangu niolewe.

"Kuku, mwambie mlango unafungwa."

Nikausukuma kwa mguu. Nikasikia hatua zake uwanjani, za haraka haraka kama za mwizi. Chungu kikagongana na chungu. Akaenda, akarudi. Akaenda, akarudi. Sijui alirudi mara ngapi, usingizi wa homa ulinichukua nikiwa bado nahesabu.

Siku nne baadaye nilipoweza kutembea, Nyanjura alinishika mkono tukaenda shambani.

Mistari imenyooka kama ya pamba. Kila mche umekaa hatua nzima kutoka kwa mwenzake, maana mzee hakujua pilipili hupandwaje, alijua pamba tu. Ametumia kamba yake ya katani, alama za vigingi zilikuwepo. Na chini ya kila mche kuna nyasi kavu, nene, zimefunikwa vizuri mpaka udongo hauonekani. Siku hizi mnaita mulching na mnalipia semina.

Nikamwambia Nyanjura, ningepanda mimi ningezibananisha. Akasema hata yeye.

Mvua ile ilikaa siku tano tu. Kisha jua likarudi, kali, karibu mwezi mzima. Mahindi ya majirani yalijikunja. Mimi nilikuwa nikiinua zile nyasi naweka kidole, na chini palikuwa na ubaridi. Kila nilipogusa ule ubaridi nilimshukuru Mungu, halafu namshukuru baba mkwe, halafu namshukuru Mama Zuhura. Na mbuzi pia, kwa samadi.

Mvua iliporudi, miche ilikuwa hai. Hapo ndipo nilipojua jambo la pili.

Mvua imepamba moto, Nyanjura akaja na mkeka wake kichwani. "Nalala kwako wifi. Kwa baba kunavuja kila mahali."

"Kunavujaje? Si alikata nyasi za kuezeka kiangazi chote?"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mjinga. "Hizo nyasi si ziko kwenye pilipili zako?"

Nilikaa chini. Mzee wa watu alichukua paa lake akalilaza kwenye shamba langu. Shamba ambalo angenyamaza tu siku ile, lingekuwa lake na pamba yake.

Nyanjura alikuwa amemwuliza kwa nini. Alimjibu hivi: "Nilikuwa ninamwona anavyobeba maji. Miezi miwili. Sasa mvua imekuja, ulitaka nifanyaje?"

Hivyo tu. Muda wote nilidhani haniangalii.

Pilipili zilizaa, wakuu. Zilizaa mpaka matawi yakalala. Nilichuma, nikaanika kwenye mkeka, nikajisahau nikajifuta jicho, nikashinda siku nzima natafuta maziwa. Mama Zuhura alichukua zote, na wafanyabiashara wa Bunda wakaanza kuniulizia kwa jina.

Ila mimi akili ilikuwa kwenye lile paa. Masika yalipoisha na nyasi kukauka, mimi na Nyanjura tulikata kwa siku nyingi, mikono ikachanika. Tukabeba mafungu hadi ua wa minyaa. Mzee alikuwa upande wake; Nyanjura alitaka kunisemea, nikamkataza, nikasimama naye upande wangu, nikageuka nisimwone mtu.

"Mbuzi," nikasema, "mwambie mwenye nyumba, nyasi zake nimezirudisha. Na mwambie asante. Mwambie sana."

Nilisikia anakohoa, kikohozi cha mtu anayetafuta sauti.

"Mbuzi. Mwambie mwenye shamba la pilipili, nimesikia."

Mwenye shamba. Nyanjura alinifinya mkono mpaka nikapiga yowe.

Asubuhi yake nilipotoka nje, mbuzi alikuwa amefunguliwa, amesimama katikati ya uwanja wangu anatafuna. Shingoni amefungwa kamba niliyoidhania mpya. Nilipoisogelea nikaitambua. Ilikuwa ile kamba ya katani ya kunyooshea mistari.

Niliifungua nikaiweka kifuani. Nililia, lakini kilio kile kilikuwa kitamu.

Baba mkwe aliishi miaka kadhaa baada ya Uhuru. Hatukuwahi kusemezana ana kwa ana mpaka anaondoka. Kamba ilishaoza zamani, ila lile shamba chini ya kichuguu bado ni langu, sasa analima mjukuu wangu aliyenifungulia hii akaunti. Hatua nzima kati ya mche na mche. Akibananisha namfukuza.

Kijana wa Bunda, somo lako ni hili. Lea miche kabla ya mvua, usimwage mbegu kama ulezi. Ipe nafasi. Funika udongo kwa nyasi. Na siku ukizidiwa, lia kwa sauti, usione haya. Ningelia kimyakimya siku ile, mzee wa nje ya ua asingenisikia.

Mwenye swali la pilipili aulize, nitajibu polepole kwa kidole changu. Na mwenye baba mkwe wa aina hii naye atusimulie, nataka kusoma.

Jambo la mwisho. Wakati nawaandikia nimegundua kwamba ile asante bado naona haikutosha, na mbuzi sina tena, wa mwisho watoto walimuuza.

Kwa hiyo wakuu msikasirike, leo mbuzi wangu ni ninyi. Mwambieni Mzee Masatu, mwenye shamba la pilipili anasema asante.