Bibi Aliomba Maji, Mimi Nikamwombea Kilima

Bibi yangu mzaa mama aliniita mume wangu tangu natambaa. Ndivyo mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume. Nikifika nyumbani kutoka Kibiti atawatangazia majirani kwamba mume wake kaja, leo hapiki kisamvu. Nami nitamjibu kwamba nimechoka na mke asiye na meno, naenda kuoa mwingine kijiji cha Mahege. Atacheka mpaka ashike mbavu. Naanza na hilo kwa sababu sasa haniiti hivyo, na kosa ni langu mwenyewe.

Mimi shule niliishia kidato cha nne, na cheti changu si cha kutundika ukutani. Ndoto lakini sikuwahi kupungukiwa. Nilipata kazi kwenye steshenari moja pale Kibiti, duka la fotokopi, picha ndogo za fomu, na kuwachapia watu barua. Mwanzoni nilikuwa nafagia na kubana karatasi. Mchapaji alikuwa mama mmoja mtu mzima, miwani yake kaifunga kwa kamba nyuma ya kichwa. Alikuwa anawachosha wateja kwa maswali. Mtu kaja na habari ya shamba, atamuuliza liko upande gani, kalipata kwa nani, kapakana na nani, na sasa anataka nini hasa. Barua moja nusu saa nzima. Wateja wakinung'unika, bosi naye ananung'unika.

Kisha bosi akanipa simu yake ya zamani iliyowekwa akili mnemba. Unaiambia unachotaka, nayo inakuandikia pale pale, Kiswahili kimepigwa pasi: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Siku ile nilirudi chumbani natembea kama mtu aliyepewa cheo. Nikawaza shule yetu ya kule delta ya Rufiji, ambako hisabati tulifundishwa na mwalimu wa jiografia kwa sababu ndiye pekee aliyekubali kubaki. Nikawaza kwamba siku moja mtoto wa kwetu Mbuchi atakuwa na mwalimu mfukoni, mwalimu asiyeugua, asiyeomba uhamisho. Bado nawaza hivyo, sitasema uongo. Hata haya yaliyonipata hayajaniondolea ndoto hiyo.

Haikupita miezi mingi, mama wa miwani akaambiwa apumzike. Nikakalia kiti chake. Kilikuwa na kimto alichokishona mwenyewe kwa vipande vya kanga, na mimi sikukumbuka hata kumrudishia. Nilikuwa natoa barua kwa dakika tatu, na watu wananiita mwandishi.

Bibi alikuja dukani asubuhi, kavaa kanga mpya, kashika ndala mkononi kwa sababu ya matope. Kijiji chetu kiko ndani huko delta, upande wa Mbuchi. Huko tunalima mpunga, na mpunga wetu unategemea maji ya mto yanayoshuka masika. Yakija, yanatanda shambani, yanaisukuma chumvi irudi baharini, yanaacha na tope jipya. Mtu wa mbali akisikia mto umejaa anasikitika. Kwetu mto usipojaa ndipo watu wanaposhika tama.

Sasa shamba la bibi maji ya mto yalikuwa hayalifikii tena. Bamvua, yaani maji makuu ya bahari, ikipanda inaingia chumvi tupu, na mpunga unaungua ncha kabla haujazaa. Misimu miwili alikaa kwenye dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo, akiamia ndege wasile mpunga ambao hata ndege hawakuutaka. Kijiji kikatangaza kwamba kuna bonde kule juu mtoni, ambako maji bado yanafika, litagawiwa, na mwenye kuhitaji alete maombi kwa maandishi. Bibi hajui kuandika. Akasema ya nini kuhangaika, mume wangu si ndiye kazi yake?

Alinisimulia yote, na maneno yake nayakumbuka.

"Andika hivi. Shamba langu limekufa. Nataka kule ambako maji yanafika, hata yakinifika kiunoni, mimi sijali."

Nyuma yake kulikuwa na foleni, na bosi ananitazama. Mimi nilichokiandika kwenye simu ni kwamba kuna bibi mkulima wa delta ya Rufiji, shamba lake limeharibiwa na maji, anaomba shamba jingine. Basi. Habari ya misimu miwili nikaikata ikawa mstari mmoja, tena mstari mbovu. Simu ikaandika ukurasa mzima. Ikaeleza jinsi mafuriko ya mara kwa mara yalivyosomba mazao yake, ikaomba kwa unyenyekevu apatiwe eneo la mwinuko, salama, lisilofikiwa na maji. Ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa. Mwishoni iliwaombea viongozi afya na hekima.

Nikamsomea kwa sauti, ili na foleni isikie. Bibi alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akanisimamisha.

"Hapo kwenye mwinuko, ni mimi nimesema?"

Na hapa ndipo uso unaponiwaka hata sasa ninapoandika. Mimi ni mtoto wa bonde. Nimeoga maji yale, nimevuka mashamba yale kwa mtumbwi nikienda shule. Kama kulikuwa na mtu dukani mle wa kushtuka, ni mimi. Lakini neno lilikuwa limekaa vizuri kwenye sentensi, nami nikaliamini kuliko nilivyomwamini aliyesimama mbele yangu.

"Ndiyo lugha ya ofisini, bibi," nikamwambia. "Wewe weka dole gumba."

Akachovya dole kwenye wino. "Haya mume wangu. Msomi ni wewe."

Siku ya mkutano wa kijiji nilichukua ruhusa nikaenda. Bibi hakuniita, nilikwenda kujisikilizia barua yangu. Njiani nilimhadithia hadi mtu wa bodaboda.

Mtendaji wa kijiji alianza kusoma majina ya waliopewa bonde. La bibi halikuwamo. Akageuza karatasi, akasoma wale waliochoshwa na maji, waliopewa viwanja vya kilimani, kwenye mchanga, ambako watu wanapanda mihogo na mikorosho. Jina la kwanza lilikuwa la bibi.

Bibi alisimama. Akasema taratibu kwamba yeye hakuomba kilima, ameomba bonde. Mtendaji hakuwa mtu mbaya. Aliitafuta barua kwenye faili, akaisoma yote mbele ya watu, na ile sehemu ya mwinuko salama akairudia mara mbili ili ieleweke. Watu wakaanza kucheka. Mzee mmoja wa Kimatumbi, kabila la watu wa milimani, aliyezoea kutaniana na bibi, akapaza sauti kutoka nyuma.

"Karibu milimani, shemeji. Leo umekiri kwamba maji yamekushinda."

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Mwanamke mwingine akauliza kama kweli yule ndiye aliyekuwa akijisifu kwamba amezalia shambani maji yakiwa magotini. Ulikuwa utani, hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini nilimwona bibi akivuta kanga kichwani, nami sijapata kumwona akifanya hivyo kwa sababu ya watu kucheka. Siku zote yeye ndiye anayewachekesha.

Mtendaji akamuuliza, "Bibi, hili dole ni lako?"

"Langu."

"Na maneno haya?"

Mimi nilikuwa nimekaa hatua kama kumi kutoka kwake. Nilichotakiwa kufanya ni kusimama tu. Nilikuwa nimevaa shati jipya, nimebandika na kalamu mfukoni. Bibi aligeuka akaniona. Alinitazama kidogo tu, kisha akamgeukia mtendaji.

"Yangu," akasema. "Nilikosea kusema. Uzee huo."

Akakaa. Nami nikabaki nimekaa.

Nilimfuata nyumbani baadaye, nikamkuta anapepeta mchele wa dukani. Nikaanza kueleza kwamba simu ndiyo iliyoandika, kwamba kule ilikotengenezwa pengine hawajui kwamba kuna watu wanaolilia mto ujae. Nilieleza kirefu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, huku mkono wake unaendelea kupepeta.

"Simu haikujui wala hainijui," akasema. "Wewe unanijua, mjukuu wangu."

Mjukuu wangu. Mtu mwingine angeona ni neno la upendo. Mimi nilihisi kama mlango umefungwa polepole, bila kubamizwa.

Kesho yake nilikwenda kwa mtendaji, nikamwambia barua ile ni yangu, bibi alisema kinyume chake. Akaniuliza kwa nini sikusimama jana. Akasema bonde limekwishagawiwa na watu wameshaanza kufyeka, hawezi kumnyang'anya mtu. Atakayeshindwa kulima msimu huu, shamba lake litarudi kijijini, na maombi yatasomwa upya. Nilete barua nyingine, na safari hii bibi mwenyewe awepo wakati inasomwa.

Tuliiandika kwenye dungu lake, kwenye lile shamba la chumvi, kwa kalamu na karatasi ya mistari. Nilimuuliza kama alivyokuwa akiuliza mama wa miwani. Shamba hili ulilipata kwa nani? Unapakana na nani? Maji yaliacha kufika lini? Sasa unataka nini hasa? Nikagundua kwamba habari hizi sikuwa nazijua mwenyewe. Sikujua kwamba alilifyeka na babu kabla mama yangu hajazaliwa. Kila sentensi alitaka nimrudie, na mara nne alinikatisha akasema hapana, sikusema hivyo, futa. Nikafuta. Barua ikawa chafu, imejaa mikwaruzo, na haina hata mtu mmoja inayemwombea afya. Hata yakinifika kiunoni, sijali. Hayo nayo yamo, kama alivyoyatamka.

Msimu huu tumepanda mihogo kilimani, maana kukataa kiwanja ni kujitafutia maneno. Nakwenda kila Ijumaa baada ya sala, nalima mimi, yeye anakaa kwenye kivuli cha mkorosho na kuutazama ule mchanga kama mtu aliyekaribishwa chakula asichokila. Dukani bado natumia simu. Bosi haelewi kwa nini foleni yangu imekuwa ndefu, na ameshaniambia kwamba naanza kufanana na yule mama aliyempumzisha. Nilimpelekea mama yule kimto chake. Alikipokea, akaniuliza habari za kazi.

Barua ya bibi iko kwenye faili la mtendaji. Mara mbili nimekwenda kuhakikisha, na mara mbili ameifungua akanionyesha, ile mikwaruzo yote ipo. Hajasema ndiyo, hajasema hapana.

Ijumaa iliyopita nilipomaliza tuta la mwisho, bibi alinimiminia maji ninawe. Nikajaribu kumchokoza, nikamwambia mke gani huyu ananiacha nalima peke yangu. Alitabasamu, nilimwona. Akaendelea kumimina.

"Nawa vizuri, mjukuu wangu," akasema. "Na shingoni pia."