Mjomba wa Diani Aliyekuja Kumuulizia Hamadi

Alasiri moja ya ujana wangu haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu, na wala si kwa sababu ya mpira, kwani siku ile hapakuchezwa mpira. Tulikuwa tumekaa barazani kwa muuza kahawa hapa Msambweni, tumeshaswali, wachezaji na washabiki wa timu yetu, tukimsema Hamadi. Ilikuwa miaka ya hamsini, bwana disii Mwingereza, mkuu wa wilaya, bado yuko Kwale juu kilimani, na ungedhani tulikuwa na mambo makubwa ya kuzungumza. Hatukuwa nayo. Tulikuwa na Hamadi.

Huyo Hamadi alikuwa sentafowadi wetu. Mimi nilikuwa beki, kwa hiyo nakusimulia nilichokiona. Tulicheza miguu mitupu, milingoti ya magoli ni boriti za mikoko, na yule bwana akiupiga mpira kwa mguu wa kushoto, golikipa hubaki kuangalia tu. Siku alipowafunga Gazi alibebwa begani mpaka kwao, kina mama wakipiga vigelegele. Lakini alikuwa na kichwa kigumu ajabu. Akinyimwa pasi anasusa. Alishapigana na refa. Na siku tulipocheza na watu wa Tiwi, mchezo uliokuwa umengojwa na mji mzima, nahodha wetu Kassimu alimkaripia kidogo, naye akavua jezi, akaitupa katikati ya kiwanja, akaenda zake nyumbani. Tukafungwa. Tangu hapo hakucheza tena, wala hakuna aliyemwomba arudi.

Basi ikawa kila alasiri ni yeye tu. Mmoja akisema Hamadi hana adabu, mwenzake humjibu, "Hana, ndiyo, lakini nitajie mwingine wa kufunga bao lile la Gazi." Mara nyingine ni mtu yuleyule anayesema yote mawili kabla kahawa yake haijapoa. Mimi nami nilimchukia nikikumbuka Tiwi, nikampenda kila nilipomwona aliyewekwa mahali pake.

Siku hiyo ninayokwambia akaja mzee mgeni, kanzu safi, ameteremka basi la kutoka Diani. Tukamwamkia shikamoo, tukampisha, akaletewa kahawa. Akatueleza kwamba Hamadi amemposa Mwanamisi, binti wa dada yake yeye mzee. Nawe unatujua sisi Wadigo: mjomba ndiye mwenye neno, na hatoi mtoto mpaka aende mwenyewe kwa watu wa mposaji akaulize.

"Nimeambiwa nyinyi ndio mnaomjua," akasema. "Nielezeni, wanangu. Ni mtu wa namna gani huyu?"

Mwanangu, ungetusikia! Mmoja akamweleza bao la Gazi, akasimama kabisa aonyeshe mguu ulivyokwenda. Mwingine akaleta habari za refa. Mimi nilipogeukiwa nikasema ana mguu wa baraka ila hashauriki, nikajiona nimesema maneno ya hekima. Kassimu, ambaye uchungu wa Tiwi ulikuwa haujamtoka, akamalizia: "Mzee wangu, kama sisi alitukimbia kiwanjani, atamkimbia na mke asubuhi na mapema." Baraza zima likacheka. Mzee hakucheka. Akamaliza kahawa yake, akatushukuru kwa adabu, akaulizia basi la kurudi.

Posa ikakataliwa. Mwanamisi akaozwa mtu wa Lunga Lunga.

Hamadi alipotokea pale barazani, Kassimu alisimama akakunja mikono ya shati, maana sote tulijua kinachokuja ni ngumi. Hamadi akatoa salamu, tukaitikia. Hakukaa.

"Nimeambiwa mliyoyasema," alisema. "Ya mpira ni kweli yote. Na ya refa ni kweli. Lakini, Kassimu, umewahi kula kwangu?"

Kassimu akaanza kukunjua mikono ya shati.

"Mama yangu waijua hali yake? Wajua nani humtazama?"

Tulikuwa tumembeba mtu huyu mpaka mlangoni kwao, wala hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupiga hodi.

"Basi mngemwambia yule mzee: hatumjui, tunaujua mpira wake tu. Angeuliza njia, akafika kwa mama yangu na kwa majirani. Pengine nao wangenisema vibaya. Sawa. Lakini wangekuwa wananisema mimi."

Alitaka kuongeza neno juu ya Mwanamisi, akaishia kulitaja jina lake tu. Hapo ndipo nilipojua kwamba alimpenda sana yule binti, na nikaona haya, haya ya kweli. Akageuka akaenda. Baadaye tukasikia amepata kazi ya reli huko Mackinnon Road, na mama yake akamfuata.

Usinifahamu vibaya. Simtetei. Huenda angemsusia mkewe kama alivyotususia sisi; watu wa namna hiyo wapo, nami nimeishi nao. Na huenda angekuwa mume wa kupigiwa mfano. Sijui, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba nilicheza naye miaka yote ile na sijui. Wenzangu hawakuchukua muda kugeuka. Tulipofungwa tena, na Gazi safari hii, washabiki walitoka kiwanjani wakinung'unika, "Laiti Hamadi angekuwapo!" Kassimu mwenyewe alikuwa miongoni mwao.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu, wewe unayeshinda ukiwasifu na kuwatukana watu usiowahi kuingia kwao. Shangilia mpira, na ukitaka kuzomea, zomea. Kiwanja kimewekwa kwa ajili hiyo. Lakini likija swali kuhusu mtu, liwe ni la posa, au kazi, au ushahidi, sema lile unalolijua, na ujuzi wako unapokoma nawe ukome, useme, "Zaidi ya hapo simjui, nenda kaulize kwao." Neno hilo halikupunguzii heshima. Sisi lilitushinda, na mtu akakosa mke.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi wenye kiasi na macho ya kuwaona watu. Na itakapofika siku ya kuulizwa habari zako wewe, akujaalie aulizwe mtu anayekujua. Amina.