Kanga Aliyekataa Banda

Harufu ya ulezi unaoungua haijanitoka puani mpaka leo. Vita vya Maji Maji vilipokuwa vinaisha, Wajerumani walichoma maghala yetu huku Songea, tukakimbilia milima ya Matogoro: bibi yangu na tenga la kuku kichwani, binamu yangu Tabu, na mimi. Mama alikuwa amekufa kwa ndui. Mimi nilipona, nikabaki na mashimo uso mzima. Baba alikwenda vitani tukamngoja, lakini habari ya baba ni ndefu, niiache. Nilitaka kusema kuhusu kanga. Bibi aliokota mayai ya kanga shambani akamwekea kuku ayaatamie, kama walivyofanya watu wetu wote, na likaanguliwa moja tu. Kuku wakamlea, alipokua wakaanza kumdonoa. Tabu alikuwa akiniambia, "Ndugu yako huyo. Muulize nani kati yenu alianza kupata madoa." Nilimchukia Tabu, na kanga nilimchukia kidogo pia.

Kule mlimani tulijenga banda la fito. Kuku waliingia jioni wakanyamaza, kanga akabaki nje anapiga kelele, ke-ke-ke, bonde zima linasikia. Bibi akasema, "Huyu atatuletea askari. Leo asipolala bandani na wenzake, kesho anaingia chunguni." Nikamkamata nikampaka majivu mpaka madoa yakapotea, ili kuku wamdhanie mwenzao. Yaliyobaki nikajipaka mwenyewe usoni. Bibi akatutazama. "Haya, sasa ninafuga vizuka viwili." Nikamsukuma bandani. Kuku hawakudanganyika, walimdonoa mpaka akapenya kwenye fito akarukia juu ya mti.

Alfajiri mvua ilinyesha kidogo. Bibi akatoka na kisu, mimi nyuma yake nalia, namwambia, "Bibi, nitamfundisha, niachie leo tu." Hata hajafika chini ya mti, kanga akaanza, ke-ke-ke, shingo kaielekeza bondeni. Bibi akachungulia: askari wanapanda. Tukakimbilia korongoni na nguo tulizovaa. Walibeba kuku wote na banda wakalichoma. Tuliporudi, kanga yuko palepale juu, mvua imemwosha, madoa yote yanaonekana. Bibi akachomeka kisu kwenye mkanda wa nguo. "Mwacheni alie," akasema. Tabu akaniambia, "Pacha wako katuokoa," na safari hii sikumjibu vibaya. Nikaenda kijitoni nikanawa uso.

Siku hizi hakuna anayeogopa moshi mlimani, na ulezi tunasagia mashineni. Juzi wajukuu walinipeleka mjini, mtaa wa Majengo, kupiga picha. Kijana mpiga picha akaniamkia shikamoo vizuri, kisha akatoa kopo la poda. "Bibi, nikupake kidogo, hivi vishimo vijifiche?" Nikamwambia, "Marahaba, baba. Piga hivi hivi." Picha iko ukutani. Wajukuu wanasema nimetoka na mashimo yote. Ndiyo, yote.