Mnyonya Damu na Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja kuishi nasi Goma baada ya kufiwa na mume wake na watoto wake wawili wa kiume, kule upande wa Beni. Walikwenda shambani asubuhi, hawakurudi, na wenye silaha wakaingia mpaka kijijini. Yeye alikimbilia Butembo na nguo alizovaa. Mke wangu, mtoto pekee aliyebaki, alimfuata huko akamleta kwetu karibu na ziwa dogo la Lac Vert, katika nyumba yetu ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya volkano.

Mke wangu ni muuguzi. Hutoka asubuhi na kurudi jioni. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari, na mchana ninakuwa nimesharudi. Kwa hiyo tulibaki nyumbani watu wawili ambao heshima inawakataza hata kutazamana machoni. Kwetu upande wa Bukavu ni hivyo, na kwao pia. Nikiingia sebuleni, yeye alitoka uani. Akipita mbele yangu, nilijifanya nasahihisha madaftari ya wanafunzi. "Jambo, mama." "Jambo, papa," yaani baba. Basi, siku ikapita.

Nilikuwa na starehe moja tu. Tangu utotoni nimependa filamu za wanyonya damu. Enzi hizo tulizitazama katika kibanda cha video, tumebanana kwenye mabenchi, na mnyonya damu alikuwa mzee wa kutisha anayelala kwenye jeneza; tulicheka sana ili tusionekane tumeogopa. Leo wanafunzi wangu wanamwangalia kwenye simu, naye amegeuka kijana mzuri mwenye huzuni, na wasichana wanamchora pembeni mwa mazoezi ya sarufi. Kibanda cha video hakipo tena, yeye bado yupo. Mimi nilikuwa na hadithi moja ndefu ya vipindi vingi, iliyonakiliwa kwenye flashi, na umeme ulipokuja mchana niliiweka.

Mama mkwe alikuwa akichambua maharagwe kwenye kigoda nje ya mlango. Pazia lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Siku moja nikaona mikono yake imesimama. Katika picha, yule kijana alikuwa mbele ya nyumba ya msichana aliyempenda, mlango uko wazi, naye anasubiri tu, mvua inamnyeshea.

"Juu ya nini haingie?" mama akauliza, bila kunitazama.

Nikamjibu nami nikitazama televisheni. Nilimweleza kwamba watu wa aina yake hawawezi kuingia nyumba ya mtu mpaka mwenyewe awakaribishe.

Akafikiri kidogo. "Basi, walimulea muzuri," akasema, akarudi kwenye maharagwe.

Kesho yake kigoda kilisogea karibu na kizingiti. Kwa kuwa hakujua Kifaransa, nilianza kumtafsiria kwa sauti ya chini, sentensi kwa sentensi, kama katekista anayemtafsiria padri mgeni. Aliuliza maswali ambayo mimi, mpenzi wa miaka mingi wa hadithi hizi, sikuwahi kuyafikiria. Nani anamfulia yale mashati meupe? Hana ndugu hata mmoja? Aliposikia kwamba kijana ameishi miaka mia na zaidi, na kwamba mama yake, dada zake na marafiki zake wote wamekufa mbele ya macho yake, aliweka ungo chini.

"Watu wanafikiri kubaki ni zawadi," akasema. "Kubaki ni kazi, papa."

Nikaendelea kutafsiri.

Kutoka siku ile tulikuwa na la kuongea. Nikirudi shuleni alikuwa ameshaweka maji ya chai, na kama hakuna umeme tulijadili, yeye kizingitini, mimi kwenye kiti changu tumepeana ubavu, kama kijana alifanya vizuri kumficha msichana ukweli. Yeye alisema hapana. Mke hafichwi kitu atakachokikuta kitandani. Nilicheka mpaka nikakumbuka nacheka mbele ya nani.

Kisha maneno yakatoka nje. Jirani mmoja wa kikundi cha maombi alimwambia mke wangu kwamba picha zile zinafungulia mapepo mlango, na kwamba mjane mwenye majonzi ndiye wanayemtafuta kwanza. Mke wangu alirudi amechoka na ameingiwa na hofu. Jioni ile alituomba sote wawili tuache. Mimi nilikuwa tayari kukubali, sikutaka ugomvi. Mama alimsikiliza binti yake mpaka mwisho, rozari ikiwa shingoni mwake kama siku zote.

"Mutoto wangu," akasema taratibu, "shetani mimi namujua. Ule mwenye alikuja kwetu hakubishaka hodi."

Mke wangu aliingia jikoni akawasha makaa. Suala lile halikuguswa tena.

Tulifika kipindi cha mwisho siku ya Jumapili, baada ya misa. Mke wangu alikuwa kazini. Msichana wa hadithi alikuwa sasa bibi kizee mwenye mvi, na kijana, ambaye uso wake haukubadilika hata kidogo, alikaa kando ya kitanda chake amemshika mkono. Walianza kuongea. Nikafungua mdomo nitafsiri.

"Acha, papa," mama akasema. "Nimesikia."

Tukatazama mpaka mwisho. Bibi kizee alifariki, na kijana akabaki ameushika ule mkono. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa analia bila sauti, akijifuta kwa pembe ya kitenge. Sikuthubutu kumsogelea, wala kuondoka. Ndipo akaanza kusema juu ya mume wake. Alisema alikuwa mtu wa kucheka peke yake njiani, hata wapita njia wakamdhania amelewa. Alisema alipenda ndizi zilizoungua kidogo, na kwamba wakati wa kuposa alimletea mkwewe mbuzi aliyechechemea, akaapa njia nzima kwamba mnyama ni mzima. Na alisema kwamba hakuwahi kumlilia, kwa sababu siku ile watu walikuwa wanakimbia, na mtu anayekimbia halii.

Hatukumsikia mke wangu akiingia kwa mlango mwingine. Alikuwa amesimama nyuma yetu na sare yake ya kazi, mkoba ungali begani. Habari ya mbuzi hakuwahi kuisikia. Alikaa sakafuni, akaweka kichwa kwenye magoti ya mama yake, akamwomba aanze tena, tangu mwanzo, pole pole. Mimi nikatoka kuwapikia. Wiki ile walikwenda pamoja kwa paroko kuomba misa ya marehemu wao watatu.

Siku hizi mama amerudi Butembo, kwa dada yake, kwa hiari yake. Hunipigia simu mara kwa mara, na hatuna tena aibu ile ya zamani. Labda simu imesaidia. Juzi aliniambia amewasimulia wamama wa jumuiya ya kanisa ile hadithi yetu, wakati wanamenya mihogo. Kwa masimulizi yake, kijana ni Munande, mtu wa kabila lake, wa milimani, na mke wake hajafa bado. Amesema atamwua baadaye, wamama wakishazoea. Walitaka kujua kama kweli anakula watu.

Nikamuuliza aliwajibu nini.

"Nilisema anakula damu ya mbuzi, tena kidogo," akanijibu. "Wamemuhurumia. Mumoja amesema wangemutafutia hata kazi."