Walisema Mama Ananena kwa Lugha, Kumbe Alikuwa Anaomba Maji ya Moto

Admin, salamu kwako na kwa wote mnaosoma. Jina langu lifiche. Mtaa nautaja, maana watu wa kwetu watanijua tu. Nina miaka thelathini na moja, sijaolewa, naishi Bertrams hapa Johannesburg na baba yangu, fundi cherehani, Mkongomani wa Uvira. Kiswahili changu nimekipata kwake na kanisani, kikiyumba mnivumilie.

Mama yangu alikuwa Mchina. Siyo "ana damu ya Kichina" kama shangazi anavyopenda kuwaambia wageni. Mchina kabisa, aliyekuja huku akiwa msichana kuuza ndoo na mablanketi kwenye duka la mjomba wake, Kensington. Baba alikuwa ananunua nyuzi pale, akanunua nyuzi nyingi kuliko nguo alizokuwa nazo za kushona, mpaka wakaoana. Akabatizwa Rebeka. Tangu siku hiyo hakuna mtu kwetu aliyemwita jina lingine.

Nikiwa mdogo nilimwonea haya. Watoto shuleni walikuwa wakivuta macho kwa vidole wakinicheka, nami nikamwambia mama asije getini, anisubiri kwenye robot ya pili, taa za barabarani kama mnavyoziita huko. Akanisubiri pale miaka mitatu na mwavuli wake wa jua, hakuuliza kwa nini. Lugha yake alitaka kunifundisha, nikakataa. Hilo ni kosa langu, simsingizii mtu.

Mwaka jana akapata kiharusi. Kiswahili kikapotea chote, Kiingereza nacho, akabaki na Kichina tu, na hospitalini hakuna aliyekielewa. Shangazi, dada mkubwa wa baba, ndiye kiongozi wa wamama wa maombi. Akaja na wenzake, wakazunguka kitanda. Mama alikuwa anasema maneno yale yale, anarudia, akimtazama mmoja mmoja usoni. Shangazi akainua mikono.

"Musikie, ananena kwa luga! Roho imemushukia."

Wakaanza kuimba. Baba akapiga magoti. Mimi nikaimba pia, nikarekodi kwenye simu, nikalia kwa furaha. Kwenye kimeza palikuwa na jagi la maji ya barafu, na kila nilipomnywesha aligeuza uso. Nikadhani hana kiu. Kesho yake akafariki.

Baada ya miezi minne nilikwenda Cyrildene, mtaa wa Wachina kule ng'ambo ya mtaa wa Observatory, kupeleka viatu vya mama kwa rafiki yake mmoja mzee anayeuza mboga. Nikamsikilizisha ile rekodi, nilitaka aone rafiki yake alivyoondoka kwa utukufu. Akaweka kisu chini. Akasikiliza mara mbili.

"Anaomba maji ya moto," akaniambia. "Anasema haya ni baridi, mnipe ya moto tafadhali."

Ndugu zangu, mama alikunywa maji ya moto matupu maisha yake yote, hata Desemba jua likiwaka. Alikuwa na thermos yake nyekundu, na sisi tulimtania kwamba anakunywa chai iliyosahauliwa majani. Kwa hiyo tulijua. Mimi nilijua. Mama yangu amekufa na kiu huku tunamwimbia, na hasira niliyonayo sijapata pa kuiweka.

Tangu siku hiyo nimeamua mimi ni Mchina, anayetaka kucheka acheke. Ukongo wangu sijautupa, ila nusu ile nyingine siifichi tena kwenye robot ya pili. Kila Jumamosi nikifunga duka, la mama, sasa ni langu, naenda kwa yule mzee ananifundisha. Jina la mama nimejua kuliandika kabla ya langu. Jumapili naenda makaburini na thermos ile nyekundu, nafagia, namimina kikombe kimoja, nainama mara tatu. Shangazi akasikia, akaja nyumbani baba akiwa kazini.

"Weye mutoto, unanywesha wafu? Unatuletea mizimu mu nyumba ya Yesu?"

Nikamweleza kilichomo kwenye rekodi. Akasema polepole, "Usirudilie hiyo maneno. Nilishaishuhudia mbele ya kanisa yote."

Mwezi ujao tunafunua jiwe la kaburi, ndiyo desturi ya huku. Shangazi ameagiza liandikwe: "Mama Rebeka, alilala akinena kwa lugha mpya." Nimekwenda kwa mchongaji nikamwambia afute yote, aweke jina alilopewa na mama yake, kwa maandishi ya kwao. Shangazi amesema yakionekana hayo maandishi kanisa halitakanyaga pale, na mimi nitafute ukoo mwingine. Sawa. Ninao mwingine, uko Fujian kule China, naanza kuujua.

Anayeniuma ni baba. Hajui kilichomo kwenye rekodi. Kila jioni akila ananiambia, "Mama yako alikufa anasema na Mungu," halafu anamaliza chakula. Siku zile kabla hajaanza kusema hivyo alikuwa hali kitu. Jiwe likibadilika ataniuliza kwa nini, na mimi siwezi kumdanganya nikimtazama.

Kwa hiyo msinishauri kuhusu jiwe, hilo siombi ruhusa, litachongwa. Nishaurini kuhusu baba: nimwambie mkewe alikuwa anaomba maji na sisi hatukumpa, au nimwache na haleluya yake? Nifanye nini?

Na admin, jina langu ficha, lakini la mama usiliguse, limefichwa vya kutosha. Alikuwa anaitwa Lin Xiulan.