Gitaa Nililolikata Kama Suruali

Mimi ni fundi cherehani, mtoto wa fundi cherehani, mzaliwa wa Biryogo, mtaa wa Waswahili katika mji mkuu wetu. Nasema mapema ili ijulikane kwamba mkasi ndio ulionifundisha kufikiri. Mwaka 1991 nilikuwa na kazi ya pili niliyoipenda kuliko hiyo ya kwanza: kupiga solo katika bendi ya harusi.

Gitaa langu lilifia harusini. Mgeni mmoja aliyekunywa kuliko maharusi walivyomtarajia alianguka juu yake, kiwiliwili kikapasuka vipande viwili. Shingo ilipona. Daraja nalo lilipona, lile daraja la chuma lenye mkono, ambao ukiusukuma chini nyuzi hulegea na sauti ikatetemeka. Mtetemo ule ndio uliokuwa jina langu mjini. Mjomba wangu, dereva wa malori ya Dar es Salaam, akaniletea kiwiliwili kipya chekundu, kitupu, cha kiwanda kinachomwachia mnunuzi kazi ya kutoboa mahali pa daraja. Nilikilaza kitandani kama mtoto mchanga, na mimi nikalala chini.

Kiongozi wa bendi, mwalimu mstaafu asiyecheka, alinipa wiki moja.

"Jumapili iko ya mwisho, sha," alisema. "Ukikosa gitaa, nachukua ule kijana wa Niboye. Yeye iko na yake."

Kijana wa Niboye! Alikuwa anapiga vizuri, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikaenda Gikondo kwa seremala mmoja mzee kuazima patasi na keekee. Akataka kunifanyia kazi mwenyewe. "Mudozi, mti hapana kitambaa," alinionya, akiniita fundi nguo kwa lugha ya kwetu. Nikamjibu, "Mzee wangu, mtu anayekata suti za mabwana harusi atashindwa na ubao?" Akanipa vifaa na kona ya meza, akaendelea kupiga randa.

Nilipima shingo kwa tepu yangu ya shingoni, nikapiga hesabu ya mahali daraja linapokaa, nikatia alama kwa chaki. Kisha mkono wangu, bila kuniuliza, ukaongeza upana wa kidole. Ndivyo unavyofanya kila siku. Nguo isiyoachiwa akiba ya mshono haina marekebisho, na baba alinichapa kwa kusahau jambo hilo nikiwa na miaka tisa. Nikachimba shimo hadi upande wa pili, ili chuma cha chini cha daraja kipite na kushikwa na springi mgongoni. Nikatoboa matundu sita ya skrubu. Ijumaa mchana nikafunga nyuzi.

Nyuzi zikipigwa wazi zilikuwa tamu. Lakini kila nilivyopanda shingo, sauti ilibaki chini ya pale ilipotakiwa, na juu kabisa ilikuwa aibu tupu. Seremala aliacha randa, akaja na rula yake ya mbao, akapima mara mbili.

"Umepitisha kidole moja nyuma."

"Niliacha akiba ya mshono," nikasema.

Mzee yule alicheka mpaka akakaa juu ya mbao. Mimi sikucheka. Nilitaka kulipiga gitaa ukutani, halafu nikataka kulia, kwa sababu kitambaa unakiongeza kiraka, lakini ubao uliotobolewa umetobolewa, na Jumapili ilikuwa kesho kutwa. Nilijiona nimekaa chini ya jukwaa nikimpigia makofi kijana wa Niboye.

Wahenga wanasema kosa moja haliachi mke. Nikachonga vijiti sita vya mti wa umusave, nikavitia gundi, nikaziba matundu yote. Jumamosi asubuhi gundi ilikuwa imekauka. Seremala alishika rula, mimi nikashika patasi; hata hapo sikukubali aiguse kazi yangu. Nikasogeza shimo mbele kidole kizima, nikatoboa upya, nikakaza springi tatu mgongoni mpaka daraja likalala sawa. Nikapanda shingo polepole. Sauti ilifika kila mahali ilipoitwa.

Nyuma ya daraja sasa palibaki pengo, lile kosa langu la juzi. Seremala alikwisha chukua kipande cha mti apazibe. Nikasukuma mkono wa daraja kabla hajanifikia. Katika gitaa la zamani chuma cha chini kiligonga ubao mapema, mtetemo ukakoma hapo. Sasa kilikuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Sauti ilizama, ikazama, nyuzi zikalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Nilipoachia hazikurudi sawasawa, nikazidondoshea mafuta ya cherehani pale zinapopita kichwani mwa gitaa. Nikasukuma tena. Zikarudi mahali pake, zote sita.

"Acha hivyo hivyo," nikamwambia mzee. Akakitupa kile kipande cha mti.

Jumapili nilikwenda kwa miguu hadi Remera, kwenye harusi. Askari kizuizini walinifunulisha blanketi nililolizungushia gitaa, wakalitazama gitaa lile jekundu, wakaniachia. Vita vilikuwa kaskazini, na harusi zilimalizika mchana kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku. Mauaji yaliyokuja miaka mitatu baadaye siyaandiki hapa. Siku hii ni yangu.

Kijana wa Niboye alikuwa amekwisha keti, gitaa mapajani, karibu na kiti changu. Nilimwamkia kwa adabu, nikachomeka waya. Nilipiga kipande kimoja tu cha wimbo wa bibi harusi, na mwishoni nikausukuma mkono hadi chini kabisa. Ukumbi ulizama nami. Mpiga ngoma alisahau kupiga. Nikaachia, sauti ikapanda ikasimama pale pale, safi, na furaha iliyonipanda kifuani nusura initoe kelele.

Kijana wa Niboye alinyanyuka akanipa mkono, kisha akafunga gitaa lake.

Kiongozi wetu alikuwa hamwulizi mtu neno jukwaani, alihesabu, tukafuata. Siku hiyo alinigeukia, akakohoa.

"Solo, tuanzie wapi?"

"Mwanzo," nikasema. "Na leo mnisikilize mimi."